Sura ya Tisa: Ieleze Taima, Usiipangie Kazi

Mwaka 2024 tokeni ya LUKU ilirefuka. Mteja aliyenunua umeme kwa simu pale Shelui, wilayani Iramba, alizoea kuletewa kundi moja la tarakimu 20. Analibonyeza kwenye mita, taa zinawaka, basi. Safari hii aliletewa na makundi ya ziada, akaambiwa ayatangulize moja baada ya jingine, ndipo lifuate kundi la umeme wenyewe. TANESCO iliwataka wateja wawe wamemaliza kazi hiyo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Kenya Power iliwaambia wateja wake jambo hilohilo kwa tarehe hiyohiyo, na Umeme wa Uganda vivyo hivyo. Nchi tatu haziwezi kuangukia siku moja kwa bahati tu.

Siku hiyo ilikuwa imeshapangwa tangu miaka ya 1990. Mita hizi zinafuata kiwango kiitwacho STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka hiyo na baadaye kikaingizwa katika viwango vya kimataifa kwa namba IEC 62055-41. Zile tarakimu 20 zina nafasi ya biti 66 tu, maana nani atakubali kubonyeza tarakimu 60 gizani? Katika biti hizo, 16 hubeba kiasi cha umeme, 16 hukagua kama umekosea kubonyeza, na 24 hubeba muda, yaani dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993 mpaka tokeni ilipotengenezwa. Biti 24 zina uwezo wa kuhesabu dakika 16,777,216, sawa na miaka 32 kasoro kidogo. Anza na 1993, ongeza dakika hizo, utafika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri.

Mita yenyewe haihitaji kujua leo ni tarehe ngapi. Inachofanya ni kukumbuka namba za dakika za tokeni ilizopokea karibuni. Ikiletewa tokeni yenye namba iliyokwisha kutumika, au yenye namba ndogo kuliko zote ilizohifadhi, inaikataa. Ndiyo kinga yake dhidi ya mtu anayetaka kutumia risiti moja mara mbili. Sasa hesabu ikirudi sifuri, tokeni iliyonunuliwa asubuhi ya leo itaonekana ya zamani kuliko zote, na mita itaitupa hata kama fedha imeshakatwa kwenye simu ya mteja.

Kwa mita nyingi tatizo hilo lilimalizwa bila kuzing'oa ukutani. Yale makundi ya ziada yalibadilisha ufunguo wa siri uliomo ndani ya mita na kusogeza mwanzo wa hesabu kutoka 1993 hadi 2014. Upana ulibaki biti 24 na hatua ilibaki dakika moja. Kilichohama ni sifuri. Hilo liliwezekana kwa sababu walioandika kiwango walitenganisha mambo mawili. La kwanza ni umbile la hesabu: ina upana gani, inapiga hatua kwa kipimo gani. La pili ni uamuzi wa wanaoitumia: tuanze kuhesabu lini. Umbile huwezi kuligusa bila kugusa kila mita nchini. Uamuzi unabadilishwa na mteja mwenyewe, kwa kidole, akiwa amesimama mbele ya mita yake. Kwa sifuri hiyo mpya tutafika mwaka 2045.

Mgawanyo huohuo, wa umbile upande mmoja na uamuzi upande mwingine, ndio wahandisi wa kompyuta ndogo wanaogombania kila wanapokaa kuandika maelezo ya taima iliyomo ndani ya chipu. Mara nyingi wanauvuruga, na wanaoumia ni watu ambao hawatasikia hata jina la mgogoro wenyewe.

Ndani ya simu iliyofunguliwa

Shelui ni mji wa barabarani. Barabara kuu inayotoka Singida kwenda Nzega inashuka mlima Sekenke na kuupitia, ikibeba malori na mabasi ya Kanda ya Ziwa, na machimbo ya dhahabu ya jirani yana wachimbaji wadogo wanaohitaji simu kama wanavyohitaji sururu. Mahali pa namna hiyo fundi simu hakosi kazi. Tazama simu ya bei nafuu iliyolala wazi juu ya meza yake: mfuniko pembeni, betri imetolewa, kipande cha bati kinachofunika chipu kimebanduliwa kwa moto wa bloa. Chini yake kuna kipande cheusi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho chipu kuu, na katika simu za daraja hili mara nyingi kimetengenezwa na MediaTek au Unisoc. Milimita chache kutoka hapo kuna kristali, kijipande kidogo kinachotetema mamilioni ya mara kwa sekunde pale umeme unapokipitia.

Mitetemo hiyo ndiyo inayolisha taima. Taima haina akili. Kila mtetemo ukifika inaongeza moja, ikijaa inarudi sifuri na kuendelea. Chipu moja huwa nazo kadhaa, na programu kuu ya simu, ile tunayoiita kerneli, inazitaka kwa shughuli mbili zilizo tofauti kabisa.

Shughuli ya kwanza ni kusoma. Kerneli inachungulia taima, inaona namba, baadaye inachungulia tena, inatoa, inajua muda gani umepita. Hapa kinachotakiwa ni taima isiyosimama na isiyojaa haraka. Shughuli ya pili ni kuamsha. Kerneli inaiambia taima, "Ukifika namba hii nishtue," kisha inakwenda kulala ili kubana chaji. Hapa kinachotakiwa ni waya unaotoka kwenye taima kwenda kwenye prosesa, mstari wa kukatiza, ambao unapopewa ishara prosesa inaacha inachofanya na kusikiliza. Taima isiyo na mstari huo inafaa kusomwa, lakini haiwezi kumwamsha mtu.

Tofauti za umbile zinaonekana vizuri ukizitia kwenye hesabu. Taima ya biti 32 inayolishwa mitetemo 32,768 kwa sekunde, ile ya kristali za saa za mkononi, hujaa baada ya saa 36 na ushei. Taima ya upana huohuo ikilishwa mitetemo milioni 26 kwa sekunde inajaa kwa sekunde 165, hata dakika tatu hazifiki. Ukiipanua iwe ya biti 64 kwa kasi hiyohiyo, itakwenda zaidi ya miaka 20,000 kabla ya kurudi sifuri. Ya polepole inakula chaji kidogo na aghalabu huachwa ikitembea simu inapolala. Ya haraka inapima kwa makini lakini mara nyingi inazimwa pamoja na prosesa. Kwa hiyo huwezi kusema ipi ni bora kabla hujajua inatakiwa kufanya nini, na wanaojua hilo ni kerneli na mwenye simu. Kiwandani hawajui.

Kuna jambo moja ambalo taima yoyote hailijui kamwe: sifuri yake ina maana gani. Msafiri wa basi la usiku analielewa hili kuliko mhandisi. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, abiria anayesubiri Shelui anasikia kwa mpiga debe kwamba gari litafika saa sita, anaangalia simu inaonyesha 00:00, na wote wawili wako sawa. Dunia imezunguka kiasi kilekile. Mmoja ameanza kuhesabu jua lilipozama, mwingine usiku wa manane. Kompyuta nyingi zimechagua sifuri ya tatu, tarehe 1 Januari 1970, na zile zinazohifadhi sekunde katika biti 32 zenye alama ya kutoa na kujumlisha zitafika mwisho wake tarehe 19 Januari 2038. Ukikuta maelezo ya taima yanataja mwaka, ujue mwandishi ameshatoka kwenye kueleza na kuingia kwenye kuamua.

Mti wa vifaa

Kerneli inajuaje kwamba taima zipo? Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, flashi inajitambulisha yenyewe: mimi ni nani, nimetengenezwa na nani, nina ukubwa gani. Taima iliyomo ndani ya chipu haijitambulishi. Imekaa kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, kimya, na kerneli ikikosea anwani hiyo inasoma takataka au simu inaganda. Lazima pawe na mtu wa kuitambulisha.

Kwa miaka mingi utambulisho huo uliandikwa ndani ya kerneli yenyewe. Kila bodi mpya ya prosesa za ARM ilikuja na faili lake la programu, na kila kampuni ilikuwa na namna yake. Mafaili yakarundikana mpaka Machi 2011 Linus Torvalds, baba wa kerneli ya Linux, akafoka hadharani kuhusu fujo hiyo. Dawa iliyochukuliwa haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika kwenye mashine za Sun, ikaandikwa kuwa kiwango IEEE 1275 mwaka 1994, kisha ikahamia kwenye mashine za PowerPC. Dawa hiyo ni mti wa vifaa.

Mti wa vifaa ni maandishi. Yanaanza na shina, ambalo ni mashine nzima, yanatoa matawi, na kila tawi linaeleza kifaa kimoja. Tawi la taima huwa fupi. Mstari wa kwanza unataja aina, kwa jina la kampuni na la modeli. Wa pili unatoa anwani na ukubwa wa eneo la rejista. Wa tatu unataja namba ya mstari wa kukatiza, kama upo. Wa nne unaonyesha mitetemo inatoka wapi. Maandishi haya yanageuzwa kuwa faili dogo la namba, programu ya kuwashia simu inalikabidhi kwa kerneli, na kerneli inalisoma kabla ya kufanya jambo lolote la maana.

Mtu hawezi kuandika tawi atakavyo. Kwa kila aina ya kifaa kuna kanuni za maelezo: sifa zipi ni za lazima, zipi ni za hiari, zinaitwaje, zinapokea thamani gani. Siku hizi kanuni hizo zinaandikwa kwa muundo ambao mashine inaweza kuukagua, na mti ukikosea unarudishwa. Kanuni ikishakubaliwa ni ahadi, maana mti ulioingizwa kwenye kifaa leo unatakiwa ufanye kazi na kerneli itakayotoka miaka kumi ijayo. Tena Linux haiko peke yake kwenye kuusoma. U-Boot, programu ya kuwashia inayotumika kwenye bodi nyingi, inausoma, na FreeBSD pia.

Unamwandikia msomaji usiyemjua, utakayemwachia maandishi usiyoweza kuyarudia. Hapo ndipo ugumu wa kanuni za taima ulipo.

Nani anachagua?

Tuseme chipu ina taima mbili pacha. Upana mmoja, kasi moja, zote zina mstari wa kukatiza. Kerneli inataka moja ya kusoma na moja ya kuamsha. Ichukue ipi kwa kazi ipi?

Mhandisi mwenye haraka anajibu kwa kuongeza sifa mbili kwenye mti: huku anaandika "hii ni ya kusoma", kule "hii ni ya kuamsha". Bodi inawaka, bosi anafurahi, jalada linafungwa. Pendekezo la namna hii limekuwa likirudi mara kwa mara, na walinzi wa kanuni wamekuwa wakilipinga. Hoja yao ni kwamba mti unaeleza kilichochomelewa. Mgawanyo wa kazi haukuchomelewa popote. "Kusoma" na "kuamsha" ni mgawanyo wa Linux. Mfumo mwingine unaweza kugawa vingine, au kutumia taima moja kwa zote mbili. Na Linux yenyewe inaweza kubadili mawazo mwaka ujao, wakati mti uliomo kwenye simu haubadiliki.

Mhandisi naye ana hoja, na si ya kupuuzwa. Uchaguzi lazima ufanyike mahali. Usipouandika, kerneli itachukua taima ya kwanza iliyokutana nayo, na "ya kwanza" maana yake ni iliyotangulia kwenye faili, jambo ambalo mtu anaweza kulibadilisha kwa kupanga mistari upya bila kukusudia lolote. Kukataa kuandika uamuzi hakuondoi uamuzi. Kunauficha tu.

Njia inayowapatanisha ni kurudi kwenye swali na kuliuliza vizuri. Mhandisi aliyetaka taima hii iamshe na ile isomwe alikuwa na sababu. Sababu hiyo ni nini? Mara nyingi, ukimbana, pacha hazikuwa pacha. Moja inaendelea kutembea chipu inapolala, nyingine inazimwa. Moja ina mstari wa kukatiza uliofika kwenye prosesa, nyingine mstari wake umekwenda kwenye prosesa ya sauti. Moja imefungiwa kwenye upande wa usalama, programu ya kawaida haiigusi. Hizo zote ni sifa za umbile. Ziandike, na kerneli itafika kwenye uamuzi uleule yenyewe, kwa sababu uleule.

Kampuni ya Texas Instruments ilikwenda njia hiyo kwa chipu zake za OMAP, ambazo zilikuwa na taima za matumizi ya jumla zaidi ya kumi. Kanuni zake zina sifa ya taima isiyozimwa, sifa ya taima inayoweza kutoa mapigo ya kuendesha kitu cha nje, sifa ya taima inayoweza kuikatiza prosesa ya ishara, na sifa ya taima ya upande wa usalama. Hakuna sifa hata moja inayosema "itumike kwa". Anayesoma anapata orodha ya uwezo, kisha anapanga timu yake.

Na pacha za kweli je? Kama hazina tofauti yoyote, basi kuchukua yoyote ni sawa, na hakuna cha kuandika. Pakiwa na mtu anayetaka kulazimisha kwa sababu zake, mti una tawi moja dogo lililotengwa kwa maamuzi ya kuwashia, ambalo tayari hubeba mambo kama ujumbe wa kerneli utokee kwenye waya upi. Wapo wanaosema uchaguzi wa taima ukae huko ikibidi. Angalau huko kila msomaji anajua kwamba anasoma matakwa ya mtu na wala si habari za chuma.

Bodi iliyotibiwa ugonjwa wa ndugu yake

Ubaya wa kuandika uamuzi bila sababu yake ulionekana kwenye BeagleBoard, bodi ndogo ya OMAP3 iliyotoka mwaka 2008 na kupendwa na wanafunzi na wapenda ufundi duniani kote. Matoleo yake ya mwanzo, A mpaka B4, yalikuwa na kasoro iliyohusishwa na kapasita moja, C70, iliyofanya mitetemo ya 32,768 isiaminike. Walioandika programu wakakwepa: taima zinazotegemea mitetemo hiyo zisitumike, itumike nyingine. Lilikuwa jambo la busara kwa bodi hizo.

Toleo C likatoka, nalo halikuhitaji tahadhari hiyo. Lakini katika maelezo, BeagleBoard ilikuwa BeagleBoard. Ukwepaji uliandikwa kwa ukoo mzima. Kwa miaka mingi bodi nzima zikaendeshwa kama mbovu. Zilinyimwa taima ya polepole inayobana chaji, zikabebeshwa ya haraka. Kisha mpangilio wa taima za OMAP3 ulipohamishiwa kwenye mti wa vifaa, likazuka jipya: kwenye toleo C, ukiondoa programu ya kamera, taima ya kuamsha inasimama. Kamera na saa vina uhusiano gani? Havikupaswa kuwa nao. Uliletwa na tahadhari ya zamani iliyobana taima zinazoweza kutumika bila sababu ya maana.

Suluhisho lililoingizwa mwaka 2022 lilikuwa dogo na la haki. Bodi za A mpaka B4 zikapewa faili lao, lenye kasoro yao. Toleo C na wenzake wakaachwa na maelezo safi. Hakuna taima iliyogunduliwa wala programu kubwa iliyoandikwa. Watu walirudi tu kwenye swali la bodi ipi ina nini, wakalijibu kwa kila bodi kivyake.

Kueleza kasoro bila kupamba

Somo la BeagleBoard lina upande wa pili ambao wahandisi wengi hawaupendi. Kama mti unaeleza chuma kilivyo, basi lazima ueleze na ubovu wa chuma. Kampuni haipendi kuandika hivyo. Inapenda sifa za kupendeza, na ubovu ufichwe ndani ya kiendeshi, yaani programu inayokiendesha kifaa.

Prosesa za ARM za miaka ya karibuni zina taima zilizojengwa ndani ya usanifu wenyewe, moja kwa kila kiini cha prosesa. Kanuni za maelezo yake zinafundisha adabu ya kueleza. Kuna sifa iitwayo "always-on", unayoiandika pale tu unapokuwa na hakika kwamba taima haipotezi umeme hata kiini kikilala usingizi mzito. Usipoiandika, kerneli inachukulia kwamba huenda ikazimika, na inatafuta taima nyingine ya kuamsha. Kimya kinatafsiriwa kwa upande wa usalama: asiyedai hapewi.

Kuna na sifa ya kasi. Kwa kawaida haitakiwi kuandikwa, kwa kuwa kasi ya mitetemo inapaswa kujazwa kwenye rejista maalumu na programu ya mwanzo kabisa inayowashwa na chipu, kisha kila mmoja aisome hapo. Ila zipo kampuni zilizotoa vifaa bila kuijaza. Kwa vifaa hivyo sifa imeruhusiwa, na kanuni zenyewe zinasisitiza kwamba ni kiraka cha kuepukwa. Atakayesoma mti na kuikuta sifa hiyo anajua mambo mawili kwa mpigo: kasi ni ngapi, na kwamba mtengenezaji hakumaliza kazi yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Allwinner A64, chipu ya bei ndogo iliyobeba bodi nyingi za kujifunzia kuanzia mwaka 2016. Watumiaji walikuwa wanaamka asubuhi na kukuta kompyuta iko karibu miaka 95 mbele. Hesabu ilieleza mengi: taima ya chipu hiyo inapiga mitetemo milioni 24 kwa sekunde, na ukiihesabu kwa biti 56 inazunguka duara lote kwa miaka 95. Mara chache sana, taima iliposomwa wakati biti nyingi zinabadilika kwa pamoja, namba iliyotoka ilikuwa ya uongo, ikaonekana kana kwamba muda umerudi nyuma. Kerneli, isiyoamini kwamba muda hurudi nyuma, ilihitimisha kwamba duara zima limekwisha.

Wataalamu wa kujitolea wakapima, wakaandika kinga, na mwaka 2019 ikaingia kwenye Linux. Ikabaki kuieleza kasoro hiyo kwenye mti. Kasoro za chipu huitwa kwa namba ambayo mtengenezaji ameitoa kwenye orodha yake, kama ilivyo kwa kasoro ya Freescale inayotambulika kama A-008585. Ya Allwinner haikuwa na namba ya kuiitia. Waandishi hawakubuni namba wala hawakuipamba jina. Waliiita "allwinner,erratum-unknown1": kasoro ya Allwinner, isiyojulikana, ya kwanza. Jina hilo linasema kinachojulikana, linakiri kisichojulikana, na linaacha nafasi ya nyingine.

Jina likitajwa kwa kazi

Si kila kanuni imefuata msimamo huu mpaka mwisho. Chipu ya SC9860 ya Spreadtrum, kampuni inayoitwa Unisoc siku hizi, ina kanuni zinazotaja taima kwa majina mawili: moja la taima ya kawaida, jingine la taima ya wakati wa kulala, yaani ile inayotunza muda simu ikiwa imezima mengine yote. Jina la pili limetokana na kazi. Anayelisoma anaambiwa taima itumike lini, kisha anaachwa akisie mwenyewe ni sifa gani inayoifanya ifae.

Mtu anaweza kusema hakuna aliyekufa. Kweli, simu zinafanya kazi. Gharama inakuja baadaye, pale mtu mwingine anapotaka kuitumia taima ileile kwa jambo ambalo mwandishi hakulifikiria. Anakuta jina linamwambia "hii ni ya kulala", hajui kama anakatazwa na chuma au na mazoea ya mtu, na hawezi kubadili jina kwa kuwa ahadi imeshatolewa. Simu za daraja hili zinakaa mikononi mwa watu kwa miaka: anaitumia mwenye nayo, anairithi mdogo wake, kisha inaishia kwa fundi anayeitoa vipuri. Maelezo yaliyomo ndani yake yanaishi kuliko idara iliyoyaandika.

Kwa anayeandika bodi yake ya kwanza

Vijana wanaotengeneza vifaa vyao hapa nchini, vya kupima maji ya kisima, kufuatilia pikipiki au kuuza umeme wa jua kwa mkopo, siku moja watafika mahali pa kuandika tawi la taima. Wengi watakopi la bodi nyingine na kubadili anwani. Kabla ya kufanya hivyo wajiulize maswali machache ambayo chuma kinaweza kuyajibu. Taima ina upana gani? Inalishwa na mitetemo ipi? Ina mstari wa kukatiza, na unafika kwa nani? Inabaki hai kifaa kikilala? Kuna upande wa mfumo uliokatazwa kuigusa? Ina kasoro gani, na kasoro hiyo ni ya chipu yote au ya bodi hii peke yake?

Kisha wajiulize swali la mwisho kwa kila mstari walioandika: je, mtu mwenye mfumo tofauti kabisa na wangu, asiye na mpango kama wangu, atauona mstari huu kuwa kweli? Akiuona ni kweli, ubaki. Akiuona ni ushauri, uondoke, au upelekwe kwenye lile tawi la maamuzi.

Utaratibu huu una bei yake. Kuandika "hii ni ya kuamsha" kunachukua dakika moja. Kujua kwa nini inafaa kuamsha kunaweza kuchukua wiki ya kupima, kusoma kitabu cha chipu chenye kurasa elfu, na kumwandikia mtengenezaji asiyejibu. Kampuni yenye tarehe ya kutoa bidhaa haiipendi wiki hiyo. Lakini asiyeilipa hajaikwepa. Amemwachia mtu mwingine ailipe baadaye, akiwa na vifaa vingi zaidi mtaani na habari chache zaidi mkononi. Kwenye BeagleBoard ililipwa zaidi ya miaka kumi baada ya bodi kutoka, na walioilipa hawakuwa waliokosea.